Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wanachama wenzangu,

Mahesabu mtasomewa na mweka hazina, na habari za misiba na harambee mnazijua, maana wengi wenu mlikuwepo. Mimi leo nina neno la mbolea. Mwaka huu limenipigisha simu kuliko jambo jingine lolote.

Hapa Nairobi tunaitwa wakulima wa simu, na siwezi kubisha. Shamba liko Trans Nzoia, sisi tuko Kawangware na Industrial Area. Lakini hata ruzuku ya mbolea yenyewe siku hizi ni ya simu. Mpango huu ulipoanza mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 6,000 madukani. Serikali ikaushusha hadi 3,500, na Agosti 2023 ukawa 2,500. Pesa hapewi mtu mkononi. Mkulima anaandikishwa kupitia kwa chifu: kitambulisho, namba ya simu, ekari zake. Msimu ukikaribia, ujumbe unaingia kwenye laini ile ile, analipa, kisha anakwenda kuchukua mifuko yake. Kilimo kimegatuliwa kwa kaunti, ndiyo, ila ruzuku hii inaendeshwa na serikali kuu kupitia Bodi ya Nafaka na Mazao. Kwa hiyo kumwamsha mwakilishi wa wadi usiku wa manane hakusaidii sana.

Tatizo letu ni kwamba siku ya kuandikishwa sisi tulikuwa huku. Aliyeandikwa ni aliyekutwa nyumbani: mama, shemeji, mtunza shamba.

Nianze na kwangu. Laini iliyosajiliwa ilikuwa ya marehemu baba. Mama huitunza ile simu kabatini, ndani ya bakuli la sukari, na kila Jumapili huichaji. Mwezi wa tatu ujumbe ukaingia, jina la baba juu. Mdogo wangu akakimbia na pikipiki hadi ghalani. Karani akaomba kitambulisho cha mwenye jina, na mwenye jina amelala nyuma ya nyumba chini ya mgomba. Namshukuru Mungu tulikuwa hatujalipa.

Mwenzetu mwingine, jina nalihifadhi, alikuta mtunza shamba wake amechukua mifuko na kumuuzia jirani. Mlitaka kamati imwite mwizi. Mimi sikukubali, na sikubali hadi leo. Kwenye sajili mkulima ni yeye, na pesa alilipa yeye. Alichovunja ni ahadi ya mdomo, na ahadi yenyewe kila mmoja aliieleza kivyake. Kamati imeandaa karatasi moja ya makubaliano kati ya mwenye shamba na aliyesajiliwa: nani analipa, mifuko inakwenda wapi, nani anabaki na risiti.

Hiyo risiti naisisitiza kwa sababu ya yale ya 2024, mbolea bandia ilipogunduliwa ndani ya mpango huu huu. Mnakumbuka Wabunge walivyopiga kura kumng'oa Mithika Linturi, Waziri wa Kilimo wa wakati ule, kisha kamati yao maalum ikamwondolea lawama. Huko nyumbani mahindi yalikuwa yamekwisha kuwa ya manjano. Mama mmoja wa kwetu alipoambiwa alete ushahidi, mifuko alikuwa ameshaipasua na kuishona pamoja ikawa turubai la kuanikia maharagwe. Turubai zuri kweli, nimeliona, lakini maandishi yalikuwa yamekatwa katikati. Kwa hiyo mfuko usipasuliwe kabla ya mavuno.

Kabla ya Februari kila mwanachama amletee katibu jina la aliyesajiliwa kwa shamba lake, na athibitishe kwamba laini bado inafanya kazi. Asiyejua jina hilo apige simu nyumbani leo leo, hata kabla ya chai. Fomu ziko mezani karibu na mlango.

Mama yangu ameshaandikishwa kwa jina lake na laini yake. Ile ya baba bado anaichaji.