Risala ya Kamati ya Shule na Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mstahiki Meya wetu. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Afisa Elimu Kata. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Mwalimu Mkuu na walimu wote. Wazazi na walezi. Wahitimu wetu wapendwa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuupokea mwaliko wetu katikati ya majukumu mengi uliyonayo. Tunaomba radhi kwamba umeingilia mlango wa jikoni. Lango kubwa tulilipamba kwa makuti na maputo tangu jana jioni, lakini alfajiri semitrela mbili zilisimama mbele yake zikingoja zamu ya kuingia yadi ya makontena, na madereva hawakuwa na pa kuzisogeza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule hii ilianza na vyumba viwili vilivyojengwa kwa nguvu za wazazi, wakati upande huu wa Dar es Salaam ulikuwa bado na minazi na majaruba ya mpunga. Baadaye Barabara ya Mandela ikachangamka, vikaja viwanda, vikafuata maghala, zikafuata yadi za makontena na bandari kavu. Shule haijahama hata hatua moja. Magari ndiyo yaliyoifuata.

Mafanikio ni mengi na makubwa. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 uandikishaji umepanda kwa kasi, hadi tunasoma kwa zamu mbili. Tumejenga vyoo vipya vya wasichana. Timu yetu ya netiboli ilitoa wachezaji kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya, jambo lililoitikisa kata nzima. Klabu ya mazingira imeanzisha kitalu cha miche ambacho shule jirani zimekuja kujifunza. Kwa yote haya tunawapongeza walimu wetu, wanaofanya kazi kubwa katika mazingira ambayo sasa tunaomba kuyaeleza.

Mheshimiwa, mezani kwako pana vitambaa viwili vyeupe. Vimekatwa kwenye jora moja. Kimoja kilifungiwa kabatini kwa Mwalimu Mkuu tangu Jumatatu. Cha pili kilitundikwa kwenye dirisha la darasa la nne B, upande wa barabara, kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa mchana. Hakikuangushwa chini, hakikufutiwa ubao. Tunakuomba ukishike. Ukiona vidole vyako vimebaki vyeusi, hayo ni masizi ya dizeli, na watoto arobaini na zaidi walikaa nyuma ya kitambaa hicho siku tano wakiyavuta kwa pua.

Mwalimu wa darasa hilo hufuta meza yake kwa kitambaa kibichi asubuhi kabla ya vipindi kuanza. Wakati wa mapumziko huifuta tena. Akifunga madirisha, joto la chumba kile mwezi wa pili halivumiliki. Akiyafungua, hasikiki, kwa sababu malori hayazimwi injini yanapongoja. Kwenye droo ya meza hiyo hiyo kuna inhela ya pumu ya mwanafunzi wake mmoja. Mama yake, ambaye yumo humu leo, alimkabidhi mwalimu kwa mikono miwili, akamwonyesha namna ya kuibonyeza. Mwalimu yule alisomea kufundisha hisabati.

Hatusemi haya kwa kukisia. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango lilichokuwa linakipendekeza kwa chembechembe ndogo kabisa za vumbi hewani, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Uingereza, mwezi Desemba 2020, afisa anayechunguza vifo alitamka kwamba hewa chafu ya magari ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa na pumu na aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi kusini mwa London. Hata sisi tuna Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Nchi yetu, pamoja na jirani zetu wa Afrika Mashariki, ilihamia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015, na tunaishukuru Serikali kwa hatua hiyo. Lakini mafuta safi kwenye injini iliyochoka hutoa moshi mweusi vilevile, na tunauona kila siku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilio hiki si kigeni katika mahafali yetu. Kimesomwa mbele ya wageni rasmi waliokutangulia, nao walikisikiliza kwa upole na kutuahidi. Mgeni mmoja aliahidi ukuta wa upande wa barabara. Tulipiga vigelegele. Wiki iliyofuata lililetwa lori moja la mchanga, likamwagwa pale karibu na mlingoti wa bendera. Mheshimiwa umelipita rundo hilo ulipoingia. Limeota majani, na darasa la kwanza hulitumia kuruka. Mgeni mwingine aliahidi miti. Miche ya miashoki ililetwa kweli, tena mizuri, lakini ililetwa mwezi wa nane, bila tanki la maji, na picha zilipokwisha kupigwa hatukumwona tena mtu wa kutuuliza imefikia wapi. Mitatu iliyosalia ni ile ambayo wanafunzi waliibebea maji ya chupa kutoka nyumbani. Hatulaumu mtu. Tumejifunza tu kwamba ahadi inayotoka mfukoni mwa mgeni huishia siku ambayo mgeni huyo ana mambo mengine.

Kwa hiyo mwaka huu, Mheshimiwa, hatukuombi saruji wala miche. Tunaomba utaratibu.

Tunaliomba Baraza la Madiwani, ambalo wewe ndiye mwenyekiti wake, litunge sheria ndogo ya ada ya moshi wa magari kwa miradi mipya. Mtu akija kuomba kibali cha kujenga yadi ya makontena, ghala, kituo cha mafuta au jengo kubwa la maduka, asihesabiwe ukubwa wa jengo peke yake. Ahesabiwe na magari: ni malori mangapi yatakuja kwake kwa siku, yatangoja wapi, na moshi wake utamwangukia nani. Akiweza kuupunguza mwenyewe, kwa kutenga maegesho ya ndani ili foleni isikae barabarani, au kwa kuamuru injini zizimwe wakati wa kungoja, apunguziwe ada. Asichoweza kukipunguza akilipie, na fedha hiyo ikapunguze moshi au madhara yake mahali pengine ndani ya kata ile ile.

Si jambo tulilolibuni. Mjumbe wetu mmoja, mwalimu wa jiografia, alitusomea habari za bonde la San Joaquin huko California, Marekani, lenye miji kama Fresno na Bakersfield na hewa iliyokuwa mbaya kwa miaka mingi. Mamlaka ya hewa ya bonde hilo ilipitisha kanuni ya namna hii Desemba 2005, ikaanza kutumika Machi 2006. Anayejenga nyumba 50 au zaidi, au jengo la biashara kuanzia futi za mraba 2,000, hukadiriwa moshi wa magari ambayo mradi wake utayaita. Hutakiwa kupunguza theluthi moja ya gesi za oksidi za naitrojeni na nusu ya vumbi la chembechembe katika miaka 10 ya uendeshaji. Kilichobaki hukilipia, na fedha hiyo hubadilisha injini kuukuu za dizeli kwa injini safi. Chama cha wajenzi wa nyumba kilikwenda mahakamani kuipinga. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaiacha isimame.

Tunajua itasemwa kwamba California si Dar es Salaam. Ni kweli. Wao wana vipimo vya hewa kila upande, sisi tuna kitambaa. Lakini hoja iliyoshinda kule haihitaji utajiri: anayeita magari anawajibika kwa moshi wake, hata kama si yeye anayeshika usukani. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inaitambua kanuni hiyo hiyo, kwamba mchafuzi hulipa. Na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inalipa Baraza uwezo wa kutunga sheria ndogo za ada, kwa idhini ya Waziri. Mlango upo. Tunaomba ufunguliwe.

Itasemwa pia kwamba wawekezaji wana tozo nyingi. Hilo tunalipa uzito, kwa sababu baadhi ya wazazi waliokaa hapa ni makuli, makarani na madereva wa yadi hizo hizo, na hatutaki zifungwe. Tunaomba lakini mtazame kile wanacholipa sasa kinakwenda wapi. Kila lita ya mafuta ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, kwa kuwa lori linaharibu lami. Gari likizidisha uzito, mizani inalitoza, kwa kuwa linaharibu lami. Ushuru wa huduma unaingia kwenye kapu kubwa la Halmashauri. Katika yote hayo hatujaona shilingi iliyoandikwa kifua cha mtoto.

Na hapa ndipo tunapoomba utuvumilie tukisema wazi. Ada hii ikiingia kwenye kapu kubwa, ni heri isitungwe. Mwekezaji atasema amekwisha kulipa, atapata haki ya kutoa moshi, na sisi tutabaki na moshi bila ukuta. Fedha iwe na akaunti yake, na taarifa yake ibandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa: nani kalipa, kiasi gani, kimefanya nini. Halmashauri zetu zinajua kutenga fedha kwa jina. Asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kisheria kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kilichowezekana kwa mikopo hakiwezi kushindikana kwa pumzi.

Tukiulizwa fedha ya kwanza ifanye nini, tumekwisha kukaa na kukubaliana. Ijenge ukuta wa upande wa barabara, na ndani ya ukuta ipande safu mbili za miti minene, pamoja na tanki na mtu wa kumwagilia anayelipwa. Iweke lami au vitofali kwenye ukingo wa barabara mbele ya lango, ambako vumbi hutimuliwa na magurudumu mchana kutwa. Iwahamishie darasa la kwanza na la pili upande wa nyuma, ambako kiwanja kipo na msingi wa vyumba viwili uko tayari kwa michango yetu wenyewe. Na inunue kipimo kimoja cha hewa, kifungwe hapa shuleni, ili mahafali yajayo tusilazimike kutundika kitambaa.

Tunafahamu kwamba sheria ndogo haitungwi kwa siku moja. Rasimu lazima iandikwe, wananchi watangaziwe watoe maoni, Baraza lipitishe, ipite kwa Mkuu wa Mkoa, ifike kwa Waziri, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Hatuombi yote hayo leo. Leo tunaomba hatua ya kwanza tu: kwamba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na wawakilishi wawili wa kamati yetu waruhusiwe kuja kulieleza. Wakati rasimu inasubiriwa, tunaomba barua ya Halmashauri kwa wenye yadi, kwamba malori yazime injini yanapongoja mbele ya shule saa za masomo. Barua hiyo haina gharama yoyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wahitimu waliokaa mbele yako wameivuta hewa hii miaka saba, na hakuna sheria ndogo itakayowarudishia. Wadogo zao ndio waliokuimbia shairi la kukukaribisha. Uliwasikia walivyokatika sauti ubeti wa tatu lori lilipoondoka.

Risala hii imechapwa nakala mbili. Moja ni yako. Ya pili itabaki kwenye jalada la shule, na chini yake tumeacha mstari wa saini, tarehe, na nafasi ya kuandika tarehe ya kikao hicho. Tunakuomba kwa heshima zote uijaze kabla ya kukabidhi vyeti. Kalamu iko kwa Mwalimu Mkuu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Shule na wazazi wote