Wageni wetu nao wale machungwa ya Muheza

Ndugu Mhariri,

Julai mwaka jana niliitwa kwenye kikao cha lishe hapa wilayani Muheza. Tulikuwa kama watu arobaini: wahudumu wa afya ya jamii, watendaji wa vijiji, walimu wa shule za msingi, na wastaafu wachache kama mimi ambao tuliwahi kufundisha sayansi kimu. Saa nne ikaletwa chai. Kila mmoja alipewa chapati mbili, sambusa, epo moja yenye kikaratasi chake cha kubandika, na boksi dogo la juisi ya chungwa. Dirishani niliona kijana amesimamisha toroli limejaa machungwa, anamenya na kuuza, na ng'ambo ya barabara lori lilikuwa linapakia mengine ya kwenda Kenya. Tuliporudi kwenye viti, mada iliyofuata ilihusu kula matunda yanayopatikana katika mazingira yetu. Niliona uchungu sana, na nimekaa na uchungu huo hadi leo.

Simlaumu mama aliyepika. Alipika alichoagizwa, na chapati zake zilikuwa nzuri. Ninachotaka kusema ni hiki: meza ya wageni ndiyo inayowafundisha watu chakula kipi kina heshima. Nilifundisha kwa miaka 31. Niliandika ubaoni muhogo, magimbi, kisamvu, papai, fenesi, na wanafunzi wakaandika na kupata alama zao. Jumamosi mtoto yuleyule alikwenda harusini, au alimsindikiza baba yake kwenye mkutano, na hakuona hata kimoja cha vile nilivyoandika. Somo la meza lilimwingia kuliko la ubao.

Nianze na rangi, maana ndiyo inayotuponza. Watu wengi wa mjini, na siku hizi hata baadhi ya vijana wa hapa, wakiona chungwa la kijani hudhani halijaiva. Chungwa la Muheza huiva likiwa kijani, au kijani chenye umanjano kidogo. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake pale usiku unapokuwa wa baridi, na sisi huku bondeni usiku wetu una joto karibu mwaka mzima. Mchungwa huohuo wa Valencia, ukiupanda kwenye nchi yenye usiku wa baridi, utakupa tunda la rangi ile ya kwenye matangazo. Tena huko nje yapo machungwa yanayoingizwa kwenye vyumba vya gesi ya ethilini ili ganda libadilike rangi kabla ya kupelekwa sokoni. Anayetaka kujua kama letu limeiva alipime mkononi: lililoiva lina uzito, na ganda lake limelainika. Halafu chungwa si kama embe au ndizi. Likichumwa bichi haliivi tena kabatini, linabaki chachu. Ndiyo maana nawasihi wakulima wenzangu tusikubali kuchuma kabla ya wakati eti kwa sababu dalali amekuja na bei nzuri. Mteja akishakula chachu mara mbili, tukimwambia kijani ndiyo rangi yetu hatatuamini.

Epo ni tunda zuri, sina ugomvi nayo. Ile niliyopewa, kwa mujibu wa kikaratasi chake, ilitoka Afrika Kusini. Epo za biashara huwekwa kwenye maghala ya baridi yaliyopunguzwa hewa ya oksijeni, na humo huweza kukaa miezi mingi zikiwa bado ngumu. Aprili 2025 Serikali yetu ilipozuia kwa siku chache mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi, mojawapo ya madai yetu lilikuwa kwamba Afrika Kusini imezifungia mlango ndizi za Tanzania. Zuio lile liliondolewa, na siombi lirudi. Lakini lilinifanya nifikiri jinsi tulivyozipa epo nafasi ya heshima hadi wodini. Mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa Dar es Salaam hupita kwanza kununua epo na zabibu. Akichukua papai huona aibu, anaogopa ataonekana hakujali.

Na sisi watu wa Tanga tulikuwa na tofaa letu, lile jekundu lenye maji mengi na harufu ya mbali ya waridi, linalostawi pia Unguja. Leo nikilitaja, mjukuu wangu anadhani nasema epo.

Kuhusu juisi sitasema mengi. Someni pembeni ya boksi. Baadhi ni juisi iliyopunguzwa maji kiwandani na kurudishiwa, na baadhi ni maji, sukari, asidi ya sitriki na ladha. Mtu aliyekaa hatua ishirini kutoka kwenye toroli la machungwa hana sababu ya kunywa hicho.

Siku ile tulizungumzia sana upungufu wa damu kwa wajawazito, na hapa ndipo chungwa lingesaidia hata mafunzo yenyewe. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mchicha mwili huyafyonza kwa shida. Vitamini C ikiwepo kwenye mlo huohuo, mwili huyafyonza vizuri zaidi. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hufanya kinyume. Kwa hiyo mama mjamzito aliyekula wali maharage na mchicha, akamalizia kwa chungwa na kuiacha chai hadi baadaye, amefanya jambo kubwa bila kununua dawa. Tungeweza kulionyesha hilo kwa vitendo, kila mtu na chungwa lake mkononi.

Chapati na sambusa nazo ni ngano, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania huletwa kwa meli. Vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka mwaka 2022, unga ulipanda bei na andazi la mtaani kwangu likapungua ukubwa. Muhogo wa Muheza haukuijua vita ile.

Lakini muhogo una tatizo lake, na sisi wa pwani tunalijua ingawa hatulisemi. Umebeba kumbukumbu ya njaa. Wazee wetu walikula bada, yaani ugali wa unga wa muhogo, miaka ya shida, na hawakutaka wajukuu wao waikute tena sufuriani. Nawaelewa. Mama yangu mzazi, mgeni akibisha hodi, alifunika chungu cha muhogo kwa kawa na kutuma mtoto dukani akalete mkate. Nampenda na kumwombea kila siku, ila katika hilo natamani ningemwambia kwamba muhogo wake wa nazi, uliopikwa hadi tui likashika, ni chakula ambacho mgeni angekikumbuka miaka. Ukiuweka kwenye sahani safi, pembeni kachumbari ya nyanya na ndimu na kipande cha samaki wa kukaanga, nani atasema amedharauliwa?

Watu huniuliza, msimu ukiisha tule nini? Swali hilo linatoka kwa wanaofikiri msimu ni mmoja. Masika yakinyesha, kuanzia Machi, mboga ndiyo wakati wake: mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, mnavu, mlenda, na matembele yanayotambaa hadi mlangoni. Mvua ikipungua tunachoma mahindi mabichi, na machungwa na machenza yanaanza kutushinda, hadi kipupwe kiishe. Vuli ikija na joto lake, embe zinajaa, dodo na bolibo, pamoja na mananasi, mafenesi na shokishoki. Mwisho wa mwaka Lushoto wanashusha plamu. Papai, ndizi na muhogo havina likizo. Na kilichozidi hukaushwa au hutiwa chumvi: makopa ya muhogo, achari ya embe na ndimu. Bibi zetu hawakuwa na friji, lakini jikoni kwao mlikuwa na kitu kila mwezi. Tofauti ni kwamba walijua mwezi huu una nini, na sisi tumeanza kutaka kila kitu kila siku.

Kuna raha pia katika kusubiri. Embe ya kwanza ya Novemba mnaigawana watoto wote, na kokwa linagombaniwa. Epo ambayo ipo Januari hadi Desemba haijawahi kugombaniwa nyumbani kwangu.

Sisemi Muheza tujifungie. Wali wetu mwingi unatoka mbali, na karoti na viazi mviringo vinashuka kutoka Lushoto, tunashukuru. Mwaka wa ukame lazima chakula kitoke kwingine, na anayekataa hilo hajawahi kukaa na watoto wenye njaa. Vilevile naweka wazi kwamba mimi nina michungwa, si mingi, lakini ninayo. Msomaji akisema natetea shamba langu hatakosea sana. Hata hivyo jirani yangu asiye na mchungwa hata mmoja anauziwa machungwa kwa bei ndogo mno mwezi Julai, na mengine yanaozea chini ya miti kwa sababu lori halikufika, wakati fedha za vikao vya wilaya yake zinanunua maboksi ya juisi. Hapo ndipo penye hoja, shamba langu liwepo au lisiwepo.

Naomba basi halmashauri yetu, na nyingine zitakazosoma gazeti hili, ziandike neno moja zaidi kwenye agizo linalopelekwa kwa mtoa huduma ya chakula: matunda yawe ya msimu na yatoke wilayani au mkoani. Na kwenye chai ya saa nne, angalau kitafunwa kimoja kiwe muhogo, magimbi, viazi vitamu au boga. Mama lishe wa hapa wanavijua kuvipika kuliko wanavyojua sambusa. Watasema machungwa yanahitaji mtu wa kumenya. Kweli, na yule kijana wa toroli angefurahi kuitwa ndani na kulipwa kwa kazi hiyo. Kamati za harusi siwezi kuziagiza, lakini nazibembeleza zijaribu mara moja tu, harusi moja ya Julai, meza kuu iwe na sinia la machungwa yaliyomenywa na kupangwa vizuri, na bwana harusi aonekane akila.

Kwenye siku ya afya na lishe ya kijiji chetu tumeshaanza. Safari iliyopita mapishi yalikuwa kisamvu cha nazi kilichotwangwa na kupikwa hadi kuiva sawasawa, maharage, ugali wa dona, na chungwa kwa kila mama. Hakuna sahani iliyorudi na kitu.

Machungwa yangu ya mwisho yatakuwa mtini hadi Agosti. Waandaaji wa kikao kijacho wakihitaji matenga mawili, nitayachuma asubuhi na kuyaleta mwenyewe kabla ya saa nne.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga