Sinywi, lakini mvinyo ninaouza naujua

Mteja akishajua kwamba situmii kilevi, swali huwa ni lile lile: sasa utanishaurije? Ana haki ya kuuliza. Siwezi kumwambia "huu mzuri, hata mimi naupenda", maana sijauonja wala sitauonja. Ninachoweza kumwambia ni zabibu zimetoka wapi, chupa imekaa mahali gani tangu ilipoingia dukani, lebo inasema nini, na wenzake walioinunua wamerudi na neno gani. Maneno yao nayaandika kwenye daftari la kaunta: huu mkali kooni, ule mwepesi, huu bibi harusi aliupenda. Ladha yangu haimo humo, na naona hiyo ni faida kwa mteja, kwa sababu sina ninachokipenda cha kumsukumia.

Bia na soda hutengenezwa ili kreti ya leo ifanane na ya mwaka jana. Mvinyo ni zao la shamba. Hapa Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Zabibu zikiiva huku mvua inanyesha, sukari hupungua na ukungu huingia kirahisi. Zikiiva kiangazi hukolea. Kwa hiyo ukikuta chupa mbili za lebo moja zimetofautiana kidogo, usifikiri umeuziwa feki. Kama una shaka, tazama stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (TRA), ambayo ilianza kutumika kwenye vileo mwaka 2019. Unaweza kuihakiki kwa simu yako hapo hapo kaunta, na mimi nitakushikia chupa.

Zabibu zikishakatwa hazisubiri. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi akikosa mnunuzi kwa siku chache, mzigo wake umekwisha. Ndiyo maana wengi siku hizi hukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, na matangi ya viwandani yakijaa, bei huanguka. Rafu yangu ya kwanza nimewapa wao makusudi, kwa sababu kila chupa ya Dodoma inayotoka dukani inapunguza kitu kwenye matangi hayo.

Jambo linalowachanganya wateja kuliko yote ni "drai". Wengi wanadhani drai maana yake kali, na tamu maana yake laini. Sivyo. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kilevi. Ikila karibu yote, mvinyo unakuwa drai. Sukari ikibaki, au ikiongezwa, unakuwa mtamu. Kuna mvinyo mtamu ulioongezewa pombe kali unaofika kilevi cha asilimia 16 hadi 20, wakati drai nyingi ziko kati ya 11 na 14. Mtu anamnunulia mama yake "ule mtamu, asilewe", kumbe amebeba ulio mkali zaidi dukani. Ukija kwetu nitakugeuzia chupa nikuoneshe namba. Isome kabla ya kulipa.

Sasa joto. Hili ndilo linaloharibu mvinyo mwingi hapa mjini, na naomba unisikilize vizuri. Mvinyo hupenda ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15, mahali pasipo na mwanga. Oktoba na Novemba jua letu hupita nyuzi 30, na watu wengi huweka chupa juu ya friji au kwenye kabati la vioo sebuleni. Juu ya friji ni pabaya: joto la mashine hupanda pale mchana na usiku. Chupa iliyopikwa hivyo utaiona, kizibo kimejisukuma juu kidogo na pembeni pana alama ya unyevu unaonata. Kwetu chupa za dirishani ni za maonesho tu, haziuzwi. Zinazouzwa ziko chumba cha nyuma, zenye kizibo cha mti zimelazwa ili kizibo kisikauke. Nyumbani kwako, chini ya kitanda ni bora kuliko kabatini.

Pia usiitunze miaka kumi ukitegemea iongezeke utamu. Mivinyo michache sana hutengenezwa kwa ajili hiyo, na mingi ya bei tunazouza hapa hufaa kunywewa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ikishafunguliwa, irudishie kizibo, iweke kwenye friji, na uimalize ndani ya siku tatu hadi tano.

Mara nyingine mteja hurudi na mvinyo mweupe akisema una vipande vya chupa. Tunaimimina taratibu kwenye glasi safi: ni chembechembe zinazong'aa, ukizibonyeza kwa kidole zinavunjika. Hiyo ni asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haina madhara.

Wateja wangu wanaonifundisha umakini ni wa parokiani. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mvinyo wa misa uwe wa asili, wa zabibu, na usioharibika. Hawawezi kupokea chupa yoyote nyekundu ilimradi. Umakini huo nimeuchukua kwa duka zima.

Chini ya miaka 18 hatumuuzii, hata akitumwa na baba yake. Aliyekwisha kulewa pia hatumuongezei.

Ukifungua chupa yetu ukakuta inanukia siki au gazeti lililolowa, usiimwage. Ifunge, uilete na risiti ndani ya siku mbili, angalau robo tatu ikiwa imebaki. Mimi sitaionja, kijana wangu wa dukani ataionja mbele yako, na ikiwa imeharibika utapewa nyingine au utarudishiwa pesa zako.