Mafundi, msiharakishe kutupa kabureta za magari ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na mafundi wa hapa Dar pamoja na sisi wenye magari ya zamani, maana hili jambo linaniuma na naona linazidi. Ukipeleka gari ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, gereji sa hivi, iwe Landrover, Peugeot 504, Beetle au Datsun, hata boneti haijafunguliwa vizuri ushaambiwa kabureta imekufa, tafuta nyingine. Afu unaelekezwa kwa mtu pale mtaa wa Gerezani ana ya pikapu ya Kijapani, inachomelewa pleti ikae kwenye manifoldi, yale mabomba ya kupeleka mchanganyiko kwenye injini, ndo imetoka hiyo. Ile orijino inabaki chini ya meza, baada ya muda imeenda skrepa.

Mimi nina Landrover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, kabureta yake ni Zenith. Ilikuwa inakunywa mafuta balaa, moshi mweusi, plagi zinatoka na masizi, na ile skrubu ya mchanganyiko, ya kuseti petroli na hewa, ukaze ulegeze injini haina habari. Gereji niliyoanzia wakasema kabureta kwisha. Kumbe hizi Zenith ugonjwa wake unajulikana: kifuniko cha juu kinakazwa kwa nguvu miaka na miaka, joto la injini nalo lipo, mwisho kinapinda kinaacha upenyo katikati, afu ndani kuna oringi, kapete kadogo ka mpira, ikishakakamaa petroli inapita njia isiyo yake. Hapo ubadilishe jeti, vile vipande vya brasi vyenye tundu la kupima petroli, mpaka uchoke, hali ni ile ile.

Mzee mmoja fundi pale Ilala ndo aliitibu. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha akalaza msasa laini juu yake, akamwagia mafuta ya taa kidogo, akawa anasugua uso wa kile kifuniko kwa mkono, anazungusha kama anaandika namba nane, taratibu, anageuza anaangalia, anarudia tena. Mwanzoni zile kona za skrubu ndo ziling'aa na katikati pakabaki peusi kabisa, yaani unaona kwa macho yako kwamba palipinda. Akaendelea mpaka uso wote ukawa rangi moja, akaweka gaskit mpya na oringi mpya, akafunga skrubu kwa kupokezana bila kukaza kwa hasira. Gari ikawaka, skrubu ya mchanganyiko ikaanza kusikia.

Ninachosema ni kwamba kupuliza na kompresa sio kutengeneza kabureta. Fundi anafungua, anapuliza, anarudisha, siku tatu nzuri afu tatizo linarudi, basi hapo ndo anasema imekufa. Angalieni shafti ya kipepeo jamani, ule mhimili wa kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta! Ishike kwa vidole uitikise, kama inacheza juu chini ujue tundu limelika na hewa inaingia pembeni bila kupimwa, injini ikiwa haijakanyagwa mafuta itatetemeka tu na hutaiseti kamwe. Dawa yake ni kupeleka kwa wenye mashine za kukereza waweke bushi za brasi. Benzi W123 zenye kabureta ya Stromberg nazo, difram, yaani ile ngozi nyembamba ya mpira, ikitoboka gari inakosa nguvu kabisa, na difram ni kitu cha kubadilisha peke yake, huhitaji kabureta nzima.

Na waya kwenye jeti muache. Jeti ya kabureta za Solex au Weber iliyoandikwa 130 maana yake tundu ni milimita 1.30, brasi ni laini, ukichokonoa na waya unalipanua na ile namba haina maana tena.

Hizi za kubandika kutoka injini nyingine shida yake ni hiyo hiyo ya vipimo. Petroli inataka hewa kama uzito mara 14.7 ya uzito wake ili iungue yote, na jeti za kabureta zilipangwa kwa injini yake. Ukifunga ya injini ndogo au kubwa zaidi, petroli ikiwa kidogo injini inachemka na valvu zinaungua, hasa kwenye foleni zetu za Morogoro Road na hili joto. Ikiwa nyingi inaosha oili kwenye kuta za silinda na nyingine inashuka mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mwenye gari anakuja kulipia injini kwa sababu ya kabureta.

Sikatai kubadilisha. Kama mwili umepasuka au umeliwa na ule unga mweupe, na huku pwani tunaujua, nunua nyingine, ila nunua iliyotengenezewa injini yako. Kwa Landrover 2.25 kwa mfano zipo Weber 34 ICH.

Vijana wasiseme ni teknolojia ya wazee, pikipiki nyingi za bodaboda bado zina kabureta na wanazifungua kila siku, floti (boya) na nidle valvu inayofunga petroli wanazijua. Naomba VETA, wenye vyuo vya ufundi, wasiliache hili somo, na wauza spea wa Kariakoo watuletee riper kit, yaani gaskit na oringi na difram, ni pakiti ndogo tu, haili nafasi dukani. Na sisi wenye magari tukubali kulipa muda wa fundi, kusugua kifuniko nusu siku ni kazi sio upendeleo.

Hata ukibadilisha, ile ya zamani usiiache gereji. Ipake oili, ifunge kwenye mfuko, nenda nayo nyumbani.

Mwenye Landrover,
Ilala, Dar es Salaam