Namba sita za WhatsApp hapewi mtu

Asalaam aleikum jirani zangu wa Langoni.

Kuna ujumbe unazunguka kwa majina ya watu tunaowajua: "Nimekutumia namba sita kwa makosa, hebu nirudishie." Hizo ni tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp yako, zinazokuja kwa SMS. Msirudishe, hata kama picha ni ya shangazi yako. Ukizitoa, tapeli anaingia kwenye WhatsApp yako, wewe unatolewa, na punde jamaa zako wote wanaombwa pesa kwa jina lako. Ukiwa na shaka, mpigie mwenyewe simu ya kawaida usikie sauti yake.

Leo baada ya isha kila mmoja aingie Mipangilio ya WhatsApp, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, aweke PIN. Isiwe tarehe ya kuzaliwa.

Na nyie mnaokwenda saiba kuchapisha fomu za watoto, mnafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya watu, mnalipa, mnakwenda zenu, nayo iko wazi! Tazameni "Vifaa vilivyounganishwa". Usichokitambua, kitoe.

Wazee wanaotaka kusaidiwa wapite kwangu kesho baada ya alasiri. Simu mtashika wenyewe, mimi nitaelekeza tu. PIN ya M-Pesa hata mimi msiniambie.