Kabla hujapiga lipu ya saruji kwenye nyumba ya zamani

Kamwene! Mvua zikikatika mwezi wa tano, simu zetu huanza kuita. Mwenye nyumba ya zamani hapa Iringa, mara nyingi ya mjini kati, anasema lipu aliyopiga mwaka jana imevimba, ukiigonga inalia kama debe tupu, na nyuma yake ukuta umelowa. Anauliza kama fundi alimwibia saruji. Mara nyingi hakumwibia. Saruji yenyewe ndiyo tatizo.

Nyumba za enzi ya Wajerumani, na nyingi za enzi ya Waingereza, zina kuta nene za mawe au tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo au chokaa. Msingini hakuna nailoni ya kuzuia unyevu. Maji hupanda ukutani, na zamani yalipenya kwenye chokaa yakakaukia hewani. Ukiziba kwa saruji, halafu rangi ya mafuta juu yake, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda zaidi, yanabeba chumvi, na chumvi ikiganda nyuma ya lipu inaisukuma nje. Tofali za zamani ni laini, kwa hiyo saruji ikibanduka huondoka na uso wa tofali. Hapo ndipo roho inatuuma, maana tofali ile hairudi.

Na kuta zenyewe si za kuchezea. Iringa ya kwanza ilikuwa Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, na jina linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Wajerumani walishindwa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891. Oktoba 1894 wakarudi, wakaivunja ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kisha wakajenga mji mwingine kilimani na kuupa jina lile lile. Waliobeba mawe ya mji huo walikuwa watu wa hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu; ya baadaye mpaka yatangazwe. Kwa hiyo nyumba nyingi za mjini kati mlinzi wake ni mwenye nyumba na fundi anayemwita. Ukitaka kuona jengo la namna hiyo likiwa na kazi, ingia Boma, ambalo tangu 2016 ni makumbusho.

Sisi tunaanzia nje kabla ya kushika mwiko: mfereji wa bati unaovuja, mtaro ulioziba, udongo uliorundikana ukutani. Ziko nyumba tulizozitibu kwa jembe tu. Baada ya hapo tunabandua saruji taratibu na kuacha ukuta ukauke, hata miezi miwili. Wateja hawapendi kusikia hili, lakini hatulipunguzi. Kisha tunapiga chokaa iliyozimwa na kulowekwa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga mkali ulioosheka. Chokaa huganda kwa kuvuta hewa ya ukaa, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana tunapiga tabaka nyembamba na kuzifunika kwa magunia mabichi, upepo wa hapa usizipasue. Siku za kazi ni nyingi, na bei inapanda kwa sababu hiyo.

Kabla ya kutupigia, gonga ukuta kwa kidole toka sakafuni hadi usawa wa kifua, weka alama ya chaki panapolia kama debe tupu, na usipake rangi mpya mpaka tufike.