Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyenzo za Mtandaoni za Kufundishia na Kujifunzia Historia ya Dunia

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Mkutano mkuu uliopita ulitukabidhi jukumu moja lililoonekana jepesi, nalo ni kuipitia orodha ya nyenzo za mtandaoni ambazo wanachama huzitumia kufundisha na kujifunza historia ya dunia, kuondoa zilizochakaa, kuongeza zinazofaa, na kuipanga orodha ili mwalimu apate anachokitafuta bila kupoteza jioni nzima. Tulidhani miezi michache ingetosha. Kazi imemeza mwaka mzima, na sababu za kuchelewa kwake ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya taarifa hii.

Tatizo halikuwa uhaba. Paul Halsall alipoanza kukusanya matini za historia kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Fordham mwaka 1996, mwalimu aliyeweza kuisoma tafsiri ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, kwenye kompyuta alijihesabu mwenye bahati. Leo mwalimu huyohuyo ana World History Encyclopedia, iliyoanza mwaka 2009 ikishughulikia historia ya kale peke yake na kubadili jina mwaka 2021 baada ya kupanua mawanda yake. Ana hifadhidata ya CDLI yenye picha za mabamba ya udongo yaliyoandikwa kwa kikabari, yaani mwandiko wa kale wa Mesopotamia wenye alama za umbo la kabari, ana Europeana inayounganisha makumbusho na maktaba za Ulaya tangu mwaka 2008, na ana kozi nzima za OER Project zisizo na malipo, mojawapo ikianzia kwenye mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mwanafunzi anayetaka kujua safari katika Dola la Roma ilichukua siku ngapi na kugharimu kiasi gani anaweza kukokotoa kwa ORBIS, ramani ya Chuo Kikuu cha Stanford iliyotolewa mwaka 2012.

Kilichotukwamisha ni mafungu. Orodha yetu ya zamani ilikuwa na matatu, yaani zama za kale, zama za kati na zama mpya, na hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuyatilia shaka. Tulipoanza kuziweka nyenzo mahali pake, fungu la kati liligeuka kuwa la Ulaya tupu, lenye makasri, watawa na vita vya msalaba, huku nyenzo za China, za Baghdad na za Afrika Magharibi zikirundikwa chini ya kichwa kisichosema lolote, “Mengineyo”. Nakiri kwamba kichwa hicho nilikiandika mimi mwenyewe miaka iliyopita, na sikumbuki kuona haya nilipokiandika.

Mgawanyo huo nao una historia yake. Aliyeueneza katika vitabu vya kiada ni Christoph Cellarius, msomi wa Kijerumani wa karne ya 17, ambaye kwake zama za kati zilianzia enzi za Kaizari Konstantino na kuishia pale Konstantinopoli ilipotekwa na Waturuki mwaka 1453. Kwa historia aliyoifahamu, mipaka hiyo ilikuwa na mantiki. Lakini nasaba ya Tang, iliyotawala China kuanzia mwaka 618 hadi 907, ilikuwa kati ya nini na nini? Na mji wa Baghdad, ulioanza kujengwa mwaka 762, ulikuwa ukingojea zama zipi mpya? Hata wenye mitaala mikubwa hawajaepuka mzozo huu. Mwaka 2018 bodi ya mitihani ya Marekani, College Board, ilitangaza kwamba kozi yake ya historia ya dunia ingeanzia mwaka 1450, walimu na wanafunzi wakalalamika kwamba ulimwengu uliotangulia safari za Wazungu ungetoweka darasani, na bodi ikarudisha mwanzo nyuma hadi mwaka 1200. Tuliokuwa tukibishana katika kamati tulifarijika kidogo kujua kwamba hatuko peke yetu.

Ubishi wetu ulikuwa wa kweli. Baadhi ya wajumbe walitaka tufuate mpango wa World History for Us All, mradi ulioanzia katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego, ambao unaigawa historia yote ya binadamu katika zama kuu tisa bila kuifanya sehemu moja ya dunia kuwa kipimo cha nyingine. Wengine walitaka zama zifutwe kabisa na zibaki karne peke yake, na hoja yao ilikuwa kwamba karne haimpendelei mtu. Wengine tena, hasa wanaoandaa wanafunzi kwa mitihani, walikumbusha kwamba mtahini hatumii karne wala zama tisa, bali maneno yaliyomo katika mtaala. Hatimaye tulikubaliana kwamba mafungu ya zama yabaki kama mlango wa kuingilia, ila kila nyenzo ipewe pia lebo ya karne na lebo ya maeneo inayoyahusu, na kichwa cha “Mengineyo” kiondolewe.

Matokeo yake yameniridhisha kuliko nilivyotarajia. Mwanachama akiifungua karne ya 14, anamkuta Mansa Musa, mfalme wa Mali, akipita Kairo mwaka 1324 njiani kwenda kuhiji, msafiri Ibn Battuta akiondoka Tangier, Moroko, mwaka 1325, Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki huko Meksiko, ikianzishwa, kwa mapokeo, katika mwaka huohuo, tauni ikiingia Sicily mwaka 1347 na nasaba ya Ming ikishika madaraka mwaka 1368. Katika orodha ya zamani mambo haya yalitawanyika, na mwanafunzi angeweza kuyasoma yote bila kugundua kwamba mtu mmoja mwenye umri mrefu angeweza kuyasikia yote.

Baada ya mpangilio likaja suala la ubora. Tuliamua kwamba kigezo cha kwanza kisiwe uzuri wa picha wala wingi wa video, bali iwapo nyenzo inaonyesha chanzo chake: hati iko wapi, iliandikwa lini, nani aliitafsiri, na makisio yametenganishwaje na yaliyothibitishwa. Kwa kigezo hicho, hifadhidata ya SlaveVoyages imeshika nafasi ya juu. Ilianza kama diski mwaka 1999 na kuwekwa mtandaoni bure mwaka 2008, nayo ina kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa zilizovuka Atlantiki. Ubora wake ni kwamba safari zilizothibitishwa kwa hati zimewekwa upande mmoja, na makisio ya jumla upande mwingine, yaani watu wapatao milioni 12.5 waliopakiwa na wapatao milioni 10.7 waliofika wakiwa hai. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo ya kutoa, kimya hulishika darasa, kisha huja maswali. Swali mojawapo ni kwa nini tunajua jina la meli, la nahodha na la mwenye mali, lakini majina ya waliobebwa ni nadra sana, isipokuwa kumbukumbu za waliokombolewa katika meli zilizokamatwa. Jibu ni kwamba daftari liliandikwa na muuzaji, na somo hilo la chanzo mwanafunzi hulipata bila mwalimu kuhubiri.

Kwa kigezo hichohicho tumeirudisha juu kabisa kazi ya UNESCO ya historia ya jumla ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo juzuu zake nane za kwanza, zilizohaririwa na wanazuoni kama Joseph Ki-Zerbo, Bethwell Ogot na Ali Mazrui, zinapakuliwa bila malipo.

Sina budi pia kueleza kosa langu. Katika mafunzo ya katikati ya mwaka nilionyesha nukuu nzuri ya mtawala mmoja wa kale niliyoitoa katika tovuti yenye mwonekano wa kitaalamu. Mwanachama mmoja aliuliza imetoka katika hati gani. Sikuwa na jibu, na hadi leo hatujapata hati hiyo. Uchungu ulipungua niliposoma utafiti wa mwaka 2017 wa Sam Wineburg na Sarah McGrew, watafiti wa elimu, uliowalinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa ukweli wa habari 10 na wanafunzi 25 wa Stanford katika kuzipima tovuti. Wanahistoria mara nyingi walihadaika pamoja na wanafunzi, kwa kuwa waliisoma tovuti yenyewe kwa makini kuanzia juu hadi chini, ilhali wahakiki waliiacha upesi na kwenda kutafuta wengine wanasema nini kuihusu. Tangu hapo, hakuna nyenzo inayoingia katika orodha kabla ya wajumbe wawili kuichunguza kwa njia hiyo ya wahakiki. Kanuni hiyo inahusu pia maandishi yanayotungwa na programu za akili unde, ambazo huweza kutaja kitabu na ukurasa visivyokuwepo: marejeo ambayo mjumbe hajayafungua mwenyewe hayakubaliki.

Kuhusu viungo vilivyokufa, tulikuta vingi kuliko tulivyodhani. Ramani nyingi zenye mwendo zilikoma pale Flash, programu iliyoziendesha, ilipoachwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2020. World Digital Library, iliyozinduliwa mwaka 2009, ilifungwa kama tovuti ya kujitegemea mwaka 2021 na hazina yake ikahamia Maktaba ya Bunge la Marekani. Shambulio la kimtandao la Oktoba 2023 dhidi ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, liliiondoa miswada yake ya kidijitali machoni pa wasomaji kwa muda mrefu. Kwa hiyo kila ingizo sasa lina kiungo cha pili cha nakala iliyohifadhiwa katika Wayback Machine, hazina ya nakala za kurasa za mtandao, na lina mwanachama mmoja anayelifuatilia. Bado kuna maingizo yasiyo na mfuatiliaji, mengi yakiwa ya karne zilizotangulia ile ya 10, na tunaomba wanaojitolea.

Mapato na matumizi yataelezwa na mweka hazina katika taarifa yake.

Orodha mpya imefunguliwa kwa wanachama wote kuanzia leo. Kamati haikuafikiana juu ya jambo moja, iwapo jina “zama za kati” liendelee kutumika kwa maeneo yaliyo nje ya Ulaya. Hoja hiyo itapigiwa kura katika mkutano mkuu, na wanaotaka kuichangia kwa maandishi wawasilishe kwa katibu wiki mbili kabla ya siku hiyo.

Mwenyekiti